Daktari Anayekutibu Ugumba Amesomea Nini?

Mama anapompelekea fundi cherehani kitenge chake kizuri, kwanza huuliza. Huuliza fundi huyo amewashonea akina nani, alijifunzia wapi, na kama mshono anaoutaka anaujua kweli au atabahatisha. Kitenge kikikatwa vibaya hakirudi dukani. Lakini mama huyohuyo akienda kutafuta tiba ya kupata mtoto, huingia chumbani kwa daktari, hukaa kimya, hupokea cheti cha dawa na kwenda zake. Haulizi, "Daktari, tiba hii uliisomea wapi, na kwa muda gani?" Tunaona swali kama hilo ni utovu wa adabu.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi katika wodi za wazazi na kliniki za akina mama kwa zaidi ya miaka ishirini, na kanisani nasaidia katika kikundi cha akina mama wanaosubiri mtoto. Mpenzi msomaji, leo napenda tuzungumze juu ya madaktari waliosomea hasa tiba ya ugumba: wanajifunza nini, kwa miaka mingapi, na kwa nini jambo hilo linakuhusu wewe mwenye kadi ya kliniki mkononi.

MIAKA INAYOPOTEA

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba kati ya kila watu wazima sita duniani, mmoja hivi hukutana na tatizo la ugumba wakati fulani wa maisha yake. Maana ya ugumba kitabibu ni mume na mke kukaa pamoja miezi 12 bila kutumia njia ya kuzuia mimba, na mimba isipatikane. Hebu litazame benchi unalokalia siku ya ibada, uhesabu mwenyewe. Wapo wengi wanaonyamaza.

Katika karibu nusu ya ndoa hizo, tatizo liko kwa mume, ama kwake peke yake ama pamoja na la mke. Jambo hili madaktari wote wamefundishwa. Hata hivyo mama mmoja katika kikundi chetu alianza kutafuta tiba akiwa na miaka 29. Katika zahanati moja ya mtaani alisafishwa kizazi mara nne. Alipewa vidonge vya kupevusha mayai miezi kumi na minane mfululizo, bila picha ya ultrasaundi hata moja ya kuonyesha kama kuna yai linalokua. Mume wake hakuitwa hata siku moja. Alipofika kwa daktari aliyesomea kazi hii, kitu cha kwanza alichoambiwa kilikuwa, "Mama, naomba baba naye aje." Mbegu za baba zikapimwa asubuhi moja. Hazikuwepo. Mama huyo alikuwa amefikisha miaka 37.

Fikiri hasara hiyo. Fedha ni hasara, lakini fedha hutafutwa. Mayai ya mwanamke hayatafutwi. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, hayaongezeki, na kuanzia miaka 35 hivi hupungua upesi kwa idadi na kwa ubora. Katika hospitali za Marekani zinazotangaza matokeo yao, mwanamke aliye chini ya miaka 35 anayetibiwa kwa njia ya kutungishwa mimba maabara kwa mayai yake mwenyewe hupata mtoto karibu mara moja katika kila mara mbili ambazo mayai yake huvunwa. Aliyevuka miaka 42 hupata chini ya mara moja katika ishirini. Hizo ndizo hesabu za wenzetu wenye kila kifaa. Kwa hiyo daktari asiyejua tiba hii akikuweka miaka minane, amekula sehemu ambayo hata bingwa mkubwa kabisa hataweza kuirudisha.

Na hilo la kusafishwa kizazi niliseme wazi, maana limekuwa kama desturi. Kusafisha kizazi ni tiba ya mimba iliyoharibika na masalia yake kubaki, au ya kutafuta sababu ya damu isiyokatika. Si tiba ya ugumba. Kizazi kikikwanguliwa mara kwa mara, kuta zake zinaweza kupata makovu na kushikana, hedhi ikawa haba au ikakatika kabisa. Daktari Joseph Asherman aliandika juu ya hali hiyo mwaka 1948, na hadi leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Wako wanawake walioingia chumba cha upasuaji wakiwa na kizazi kizima wakatoka na kovu.

MAMA ALIYEANZISHA SOMO

Sasa twende Marekani, kwa sababu huko ndiko masomo haya yalikowekewa utaratibu wa mapema na wa wazi, na mmoja wa waliojenga msingi wake ni mwanamke aliyeolewa, mama wa watoto watatu.

Jina lake Georgeanna Seegar Jones. Alizaliwa mwaka 1912. Miaka ya 1930, akiwa bado mchanga katika udaktari, alishiriki katika utafiti pale Johns Hopkins, Baltimore, ulioonyesha kwamba homoni ya mimba, ileile tunayoipima leo kwenye mkojo wa mama, hutengenezwa na kondo la nyuma. Kabla ya hapo wengi waliamini inatoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Baadaye aliongoza kwa miaka mingi kitengo cha hospitali hiyo kilichoshughulikia homoni za uzazi. Mume wake, Howard Jones, alikuwa daktari mpasuaji wa magonjwa ya akina mama. Walifanya kazi pamoja mpaka wakastaafu.

Tuvuke bahari kidogo. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa maabara. Watu wengi wanawajua daktari Patrick Steptoe na mwanasayansi Robert Edwards, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Wachache wanamjua wa tatu, Jean Purdy. Alikuwa muuguzi kama mimi. Alijiunga na Edwards mwaka 1968, akajifunza kazi ya maabara, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuona kiinitete kile, yaani yai lililokwisha kutungishwa, kikigawanyika. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39. Barua zilizofunguliwa mwaka 2019 zinaonyesha Edwards alivyodai jina la Purdy liandikwe kwenye kibao cha kumbukumbu pale hospitalini, asisikilizwe. Wauguzi watanielewa.

Mwaka huohuo wa 1978 Georgeanna na Howard walihamia Norfolk, jimbo la Virginia, katika umri ambao wengine huanza kulea wajukuu. Wakaanzisha kituo cha kutungisha mimba maabara. Mwaka mzima wa 1980 walijaribu, wasipate mimba hata moja. Walikuwa wakifuata njia ya Waingereza: kusubiri yai moja ambalo mwanamke hulipevusha mwenyewe kila mwezi, na kulivuna kwa wakati wake.

Hapo ndipo elimu ya mama huyu ilipofanya kazi. Mwaka 1981 walibadili njia: mwanamke apewe sindano za homoni ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja, na daktari awe na zaidi ya yai moja mkononi. Tarehe 28 Desemba 1981 akazaliwa Elizabeth Carr, mtoto wa kwanza wa aina hiyo katika Marekani. Mama yake alikuwa amepoteza mirija ya uzazi baada ya mimba kutunga nje ya kizazi. Vyombo vya Norfolk vilikuwa vilevile. Kilichoongezeka ni ujuzi wa homoni: ipi itolewe, siku gani, kiasi gani, na isimamishwe lini.

Ubingwa huu haukuitwa ubingwa wa maabara wala wa upasuaji. Jina lake, ukilisema kwa lugha yetu, ni ubingwa bobezi wa homoni za uzazi na ugumba.

MIAKA MITATU JUU YA ILE MINNE

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, bodi inayowatahini madaktari wa uzazi na magonjwa ya akina mama katika Marekani iliamua kwamba mambo haya yamekuwa mengi mno kwa bingwa wa kawaida kuyabeba yote, ikautambua ubingwa huu kuwa fani inayojitegemea. Tangu hapo njia iko wazi. Kijana hutumia miaka minne chuo kikuu, minne mingine akisomea udaktari, minne tena akisomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya akina mama. Hapo tayari anaweza kufungua kliniki yake na kuishi vizuri. Anayetaka kutibu ugumba huomba nafasi ya kusoma miaka mitatu zaidi, na nafasi hizo ni chache, makumi tu kwa mwaka katika nchi kubwa kama ile.

Katika miaka hiyo mitatu anafanya nini? Kwanza anarudi kwenye homoni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Anajifunza kwa nini msichana wa miaka 17 hajapata hedhi, kwa nini mama wa miaka 32 imekatika, kwa nini maziwa yanatoka kwa mwanamke asiye na mtoto mchanga. Anaijua tezi ya thairoidi iliyo shingoni na homoni ya prolaktini, maana hizo zikienda kombo yai halipevuki hata ungepewa dawa gani. Anakutana kila siku na wanawake ambao ovari zao zina vifuko vidogo vingi na hedhi zao hazina mpango. Hao ni wengi kuliko tunavyodhani. Anajifunza pia upasuaji mwembamba: kutazama ndani ya kizazi kwa kamera, kukata makovu, kuondoa uvimbe wa fibroidi bila kukitoa kizazi. Anafundishwa kusoma majibu ya mbegu za kiume na kujua lini amkabidhi baba kwa bingwa wa njia ya mkojo. Anafundishwa magonjwa ya kurithi. Anajua jinsi ya kuvuna na kugandisha mayai ya binti mwenye saratani kabla dawa kali hazijayaua.

Asubuhi zake ni za ultrasaundi. Mwanamke aliyechomwa sindano za kukuza mayai hupimwa kila baada ya siku chache, vifuko vikihesabiwa na kupimwa kwa milimita. Vikifikia ukubwa wake, huchomwa sindano ya mwisho, ambayo mara nyingi ni ileile homoni ya mimba aliyoitafiti Georgeanna, na mayai huvunwa saa 36 hivi baadaye. Ukiwahi au ukichelewa, umeharibu. Vituo vingi huko vinafanya kazi hata Jumapili, kwa sababu yai halina kalenda ya ibada.

Halafu kuna jambo moja la ajabu kidogo. Kitendo ambacho mgonjwa anakiona kuwa kikubwa kuliko vyote, yaani kukirudisha kiinitete ndani ya kizazi kwa mrija laini, ndicho ambacho wanafunzi wengi wa ubingwa huu kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kukifanya kwa mikono yao. Walimu waliogopa. Mgonjwa amelipa fedha nyingi, amesubiri miaka, kiinitete pengine ni kimoja. Nani atamkabidhi mwanafunzi? Matokeo yake daktari aliweza kuhitimu akiwa ameona mara mamia bila kufanya. Chama cha madaktari wa fani hiyo cha Marekani kiliona hatari, kikatengeneza chombo cha kufanyia mazoezi chenye umbo la kizazi, mwanafunzi arudie na kurudia kabla hajamgusa mama wa watu. Nilipoisoma habari hii niliwakumbuka wakunga wanafunzi wetu na mdoli wa kuzalishia. Mkono haujifunzi kwa kutazama tu.

KUJIFUNZA KUTILIA SHAKA

Sehemu kubwa ya miaka hiyo mitatu hutumika kwenye utafiti. Mwanafunzi hana budi kufanya uchunguzi wake, kuuandika, na kuutetea. Unaweza kuuliza: mimi nataka mtoto, utafiti wake wa nini? Naomba nikupe mifano miwili, maana mimi naona hapa ndipo penye faida kubwa kwa mgonjwa.

Kwa zaidi ya miaka arobaini, mwanamke asiyepevusha mayai alipewa vidonge vya klomifeni. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wanawake 750 wenye ovari za vifuko vingi. Nusu walipewa klomifeni, nusu walipewa letrozoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti. Waliotumia klomifeni, 19 katika kila mia walijifungua mtoto hai. Waliotumia letrozoli walikuwa 27. Daktari aliyezoea kufuatilia utafiti alibadili cheti chake cha dawa. Asiyefuatilia anaendelea na aliyoyasoma zamani.

Mfano wa pili unagusa lile la kukwangua. Kulikuwa na wakati ambapo kliniki nyingi duniani ziliwakwangua wanawake ndani ya kizazi makusudi kabla ya kurudisha kiinitete, kwa imani kwamba jeraha dogo hulisaidia zao kushika. Akina mama waliumia na kulipia. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya uchunguzi ulioongozwa kutoka New Zealand, wanawake 1,364. Waliokwanguliwa walijifungua kwa kiwango cha 26 katika mia. Wasiokwanguliwa, vilevile 26 katika mia. Maumivu ya bure.

Daktari aliyefundishwa kuuliza "ushahidi uko wapi?" anakuepusha na mambo ya namna hiyo. Wakati mwingine kipaji chake kikubwa ni kutokufanya kitu.

Hata hivyo, cheti peke yake hakimfanyi mtu kuwa na hekima. Sheria ya Marekani haimzuii daktari yeyote mwenye leseni kutibu ugumba, na wagonjwa wenyewe ndio wanaopaswa kuuliza. Mwaka 2009 huko California mama mmoja alijifungua watoto wanane kwa mkupuo baada ya daktari kumwekea viinitete kumi na viwili. Mama huyo tayari alikuwa na watoto sita. Watu wengine walishangilia. Sisi tuliokesha na watoto njiti tulishika kichwa. Daktari huyo alinyang'anywa leseni mwaka 2011. Mafunzo mazuri ya leo yanasisitiza kiinitete kimoja kwa mama mwenye umri mdogo, kwa sababu mimba ya mapacha watatu au wanne si baraka ya kuombea maabara. Ni hatari kwa mama na kwa watoto.

NA HUKU KWETU

Tiba hii imeshafika Afrika Mashariki. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa kutungwa maabara mwaka 2004, Kenya mwaka 2006. Lakini njia ya kumpata daktari aliyeisomea bado ni ndefu. Katika Tanzania daktari husoma miaka mitano, hufanya mazoezi kwa vitendo mwaka mmoja, kisha baada ya kufanya kazi huweza kurudi chuo kama Muhimbili kusomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya akina mama kwa miaka mitatu. Katika mitatu hiyo lazima ajue uzazi mgumu, kifafa cha mimba, upasuaji, saratani ya mlango wa kizazi, fistula. Ugumba unapata sehemu yake tu, na ni haki, kwa kuwa mama anayetokwa damu usiku hawezi kungoja.

Anayetaka kuendelea mara nyingi huvuka mipaka. Afrika Kusini chuo cha mabingwa hutoa cheti cha ubingwa bobezi wa tiba ya uzazi. India, ambako ndugu zetu wengi huenda kutibiwa, bodi ya taifa ya mitihani ina mafunzo ya miaka miwili kwa ambaye tayari ni bingwa. Mwenye cheti kama hivyo amepita chini ya mikono ya walimu na watahini. Mwingine amehudhuria semina ya wiki mbili akapewa karatasi yenye muhuri wa dhahabu, naye huitundika ukutani kwa fremu ileile. Kwa mbali zinafanana.

Nisieleweke vibaya. Si kila mama anahitaji bingwa bobezi. Bingwa wa kawaida, hata daktari mzuri wa hospitali ya wilaya, anaweza kuanza kazi yote ya awali: kumpima baba mbegu, kuhakikisha mama anapevusha yai, kupiga picha ya eksirei ya mirija, ile ya kuingiziwa dawa. Kwetu mirija iliyoziba ni jambo la kawaida mno, kwa sababu ya kisonono na klamidia zisizotibiwa mapema, na maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Akina mama wengi hupata mimba kwa tiba ndogo tu. Lakini mirija ikiwa imeziba yote, mbegu zikiwa hazipo au haba sana, hedhi ikiwa imekatika, mimba zikiwa zinaharibika mfululizo, au vidonge vya kupevusha mayai vikiwa vimetumika mizunguko kadhaa bila kitu, omba rufaa. Na ukiwa umepita miaka 35 usingoje mwaka. Baada ya miezi sita nenda.

JINSI YA KUULIZA

Najua utasema, "Dada, mimi nitamwulizaje daktari mambo hayo?" Uliza kwa heshima, kama unavyomwuliza mkubwa wako. "Daktari, samahani, naomba kufahamu. Tiba ya ugumba umeisomea wapi baada ya ubingwa? Miaka mingapi?" Aliyesoma atajibu kwa furaha, wengine watakusimulia mpaka majina ya walimu wao. Anayekasirika amekujibu pia.

Uliza tena, kwa wanawake wa umri wako kliniki yake inapata watoto wangapi wanaozaliwa hai. Sisitiza neno hilo, kuzaliwa, kwa sababu kliniki nyingine hutangaza vipimo vya mimba vilivyotoka vyema, na wewe na mimi tunajua safari kati ya kipimo na mtoto. Uliza atarudisha viinitete vingapi.

Na kwa ndoa za Kikristo kuna swali ambalo ni afadhali kulizungumza nyumbani kabla ya sindano ya kwanza. Mayai kumi yakitungishwa na mtoto akapatikana kwa kiinitete kimoja, vile vingine vitakuwaje? Vigandishwe? Kwa muda gani, na nani atalipia? Makanisa hayana msimamo mmoja; Kanisa Katoliki halikubali kutungisha mimba nje ya mwili, na makanisa mengine huwaachia wanandoa waamue kwa dhamiri na ushauri wa mchungaji. Daktari aliyefundishwa vizuri amefundishwa na mambo haya pia. Anaweza kutungisha mayai machache tu kwa makusudi, ukimwambia mapema. Ukimwambia baadaye, mayai yatakuwa yamekwisha kutungishwa.

Baba naye asiachwe nyuma. Wanaume wengi hukataa kupimwa kwa sababu wanadhani kupima mbegu ni kupima uanaume. Mweleze taratibu, usiku mkiwa wawili, si mbele ya mama mkwe. Mwanamume mwenye nguvu zote za ndoa anaweza kukosa mbegu, na asiye na mbegu kwenye manii pengine anazo bado ndani ya korodani. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Brussels walipopata watoto wa kwanza kwa kuingiza mbegu moja moja ndani ya yai, mbegu chache zinatosha. Lakini hakuna atakayezitafuta kabla ya kupima.

Siku ya kwenda, weka vyeti vyako vyote kwenye bahasha moja: tarehe za hedhi za miezi sita, picha za mirija hata kama ni za zamani, majina ya dawa ulizokunywa na kwa miezi mingapi, na kila mara uliposafishwa kizazi, wapi na kwa sababu gani. Zahanati ikikataa kukupa maandishi, andika mwenyewe kwenye daftari. Majibu ya baba yakae juu kabisa, kwa kuwa ndiyo yatakayoulizwa kwanza.